Brigedia akija kambini, kanali anafuata amri ya nani?

Msomaji kauliza: brigedia jenerali wa makao makuu ya JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) akifika kambini, anaweza kumwambia kanali ambaye ndo mkuu wa kikosi ahamishe kombania moja (kundi la askari ndani ya kikosi) aipeleke sehemu nyingine? Na je Mnadhimu Mkuu ni naibu wa Mkuu wa Majeshi?

Ndugu yangu, kwa la kwanza jibu ni hapana, na hapa wengi wanachanganya cheo na madaraka. Brigedia atapigiwa saluti, ataheshimiwa, atakagua hata gwaride kama kaja kwa ajili hiyo, lakini kile kikosi kakabidhiwa kanali, na kanali anawajibika kwa kamanda wake wa brigedi, yule naye kwa mkuu wa kamandi, mpaka kwa Mkuu wa Majeshi, na juu kabisa Rais ambaye katiba ibara ya 33 inamtaja kuwa Amiri Jeshi Mkuu. Ofisa wa makao makuu yuko upande wa unadhimu, yaani anapanga, anafuatilia, anashauri. Akitaka kombania ihame, anapeleka hoja kwa bosi wake na amri inashuka kwa njia hiyo hiyo, ikiwezekana kwa maandishi. Kanali mwenye akili akiambiwa kwa mdomo tu atasema "sawa afande", halafu anampigia kamanda wake wa brigedi kabla askari hata mmoja hajapanda gari.

Mnadhimu Mkuu sasa. Kwa cheo ni luteni jenerali, wa pili jeshini, na ndo anayegeuza uamuzi wa Mkuu wa Majeshi kuwa mipango na maagizo ya utendaji, mafunzo, utumishi, ugavi na kadhalika, kwa hiyo akitoa agizo linabeba nguvu ya mkuu wake. Ila usidhani kiti cha juu kinamsubiri yeye. Venance Mabeyo mwaka 2017 alitoka unadhimu mkuu akawa Mkuu wa Majeshi, lakini 2022 Jacob Mkunda aliyemrithi alipandishwa kutoka meja jenerali moja kwa moja hadi jenerali. Rais ndo anateua.

Mimi nalisisitiza sana hili kwa maofisa vijana kwa sababu Januari 1964 pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la Tanganyika la wakati huo, waliasi, wakawaweka maofisa wao chini ya ulinzi, mlolongo wote wa amri ukakatika, na ikabidi jeshi lile livunjwe, JWTZ ikaundwa upya Septemba mwaka huo huo.