Kuchemsha hakumalizi kila kitu
Umeuliza kama maji ya kisima yakishachemshwa basi ni salama kabisa. Kwa vijidudu, ndiyo: yaache yatokote dakika 1, au 3 kama uko juu milimani, na vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo vinakufa. Ila floridi na aseniki, kemikali zinazoweza kuwa zimeyeyuka ndani ya maji ya kisima, haziondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke ndiyo kwanza zinakolea. Kikomo cha floridi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa zaidi ya hapo miaka mingi, meno hutoka na madoa ya kahawia. Ule ukoko mweupe ndani ya birika usikutishe, mwingi ni chokaa tu. Kapimishe maji maabara kabla hujanunua chujio. La mkaa wa kawaida halishiki floridi.