Msimamizi akisema "wasilisha", bado hujawasilisha: yaliyonikuta Moshi

Mleta uzi ameeleza kwamba anasoma shahada ya uzamili Arusha huku akiwa kazini, kwamba msimamizi wake amemwandikia kwa simu "sasa unaweza kuwasilisha", na kwamba anataka kujua kama wiki mbili zinatosha kukabidhi tasnifu na kuwahi mahafali ya mwaka huu.

Dada yangu, kukabidhi nakala za kutahiniwa ndani ya wiki mbili kunawezekana iwapo makaratasi yako yote yamekamilika. Kuwahi mahafali ni jambo jingine, kwa sababu baada ya hapo kuna watahini, kuna utetezi, kuna masahihisho, na kuna vikao vya idara hadi seneti ambavyo haviitishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Mimi nilisoma katika chuo kimoja hapa Moshi, na siku msimamizi aliponiruhusu nilijihesabia siku 10. Nakala zangu zilipokewa baada ya miezi mitatu na ushei, na katika muda huo wote sikuongeza hata aya moja ya utafiti.

Utafiti wangu ulihusu wakulima wa kahawa na vyama vyao vya msingi, yaani AMCOS, huku Kibosho na Uru. Ushirika wa mlimani una historia ndefu (chama cha wakulima wa kahawa cha Kilimanjaro, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933), nami kwa kuipenda historia hiyo niliandika sura ya pili iliyonenepa mpaka msimamizi akaipunguza kwa kalamu nyekundu bila huruma. Nilidhani hilo ndilo lingekuwa gumu kuliko yote.

Kilichonikwamisha kwanza ni kichwa cha tasnifu. Katika pendekezo la utafiti lililopitishwa, kichwa changu kilitaja "Wilaya ya Moshi Vijijini". Wakati wa kukamilisha kazi nikatambua kwamba Moshi Vijijini ni jina la jimbo la uchaguzi na ndilo tulilolizoea midomoni, lakini mamlaka niliyofanyia utafiti huitwa rasmi Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, ambayo ni tofauti na Manispaa ya Moshi. Nikasahihisha jalada mwenyewe, nikiona kwamba nimefanya jambo la busara. Ofisi ya masomo ya uzamili iliweka mezani barua ya kupitishwa kwa pendekezo, kibali cha utafiti, fomu ya notisi ya nia ya kuwasilisha (ambayo kwa bahati nilikuwa nimeijaza miezi mitatu kabla, kama kanuni zetu zilivyotaka) na jalada langu, kisha ikanirudishia kila kitu, kwa kuwa nyaraka tatu zilikuwa na kichwa kimoja na jalada lilikuwa na kingine. Kubadilisha kichwa, hata kwa neno moja, kulihitaji maombi yanayopitia kwa msimamizi na idara hadi kwenye kamati, na kamati ilikuwa imekutana wiki iliyotangulia. Nilisubiri wiki saba.

Kwa hiyo leo, kabla ya kugusa kitu kingine, chukua barua ya kupitishwa kwa pendekezo lako, iweke kando ya jalada, na usome neno kwa neno, herufi kwa herufi. Ukiona kosa, ama liombee mabadiliko sasa hivi, ama liache lilivyo na uzungumze na msimamizi ili watahini walisemee katika ripoti zao. Mtahini akipendekeza kichwa kirekebishwe, marekebisho husafiri pamoja na ripoti yake vikaoni.

Mkwamo wa pili ndio ulioninyima usingizi, na naona umetaja kwamba unakusudia kuipitisha kazi yako steshenari "ili kuangalia asilimia". Tafadhali usifanye hivyo. Nilikuwa na hofu ya kipimo cha mfanano, yaani asilimia ya maneno yanayofanana na kazi za wengine, kama wanafunzi wengi, nikapeleka faili kwa kijana mmoja mwenye duka la steshenari mjini ambaye alisema ana akaunti ya Turnitin, programu inayopima mfanano huo. Aliniletea ripoti nzuri kabisa, nikalipa, nikaondoka nikiwa na furaha. Siku chache baadaye maktaba ya chuo ilipopima kazi ileile, ripoti ilionyesha asilimia 94. Niliitazama ile namba nikahisi miguu imekufa ganzi.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Programu ile hailinganishi kazi yako na tovuti na majarida peke yake, bali pia na ghala la kazi za wanafunzi zilizokwisha kupakiwa kupitia taasisi mbalimbali. Mwenye akaunti asipochagua kwamba kazi isihifadhiwe, tasnifu yako huingia katika ghala hilo, na chuo chako kinapoipima hukuta kwamba imefanana na kazi nyingine karibu yote. Kazi hiyo nyingine ni yako mwenyewe, lakini kwenye ripoti hakuna jina lako. Panaandikwa tu kwamba chanzo ni kazi ya mwanafunzi iliyowasilishwa katika taasisi fulani. Mkutubi wetu, ambaye namwombea heri mpaka leo, ndiye aliyebofya chanzo hicho na kunionyesha kwamba takriban asilimia yote ilitoka mahali pamoja, na kwamba kiliingizwa wiki ileile. Niliandika barua ya maelezo, msimamizi akathibitisha kwamba aliisoma kazi yangu sura kwa sura tangu rasimu ya kwanza, chanzo kile kikaondolewa katika hesabu, na namba ikashuka hadi 17. Kuifuta kazi kabisa katika ghala ni lazima kuombwe na taasisi yenye akaunti, na kijana wa steshenari hakukubali kuniambia akaunti ile ilikuwa ya nani. Wiki tatu zikaenda hapo.

Iwapo unataka kujipima kabla ya siku yenyewe, mwombe msimamizi au maktaba ya chuo chako wakupimie rasimu bila kuihifadhi. Kumbuka pia kwamba asilimia si hukumu. Marejeleo, nukuu zilizo ndani ya alama za kunukuu na maneno ya ukurasa wa tamko la hakimiliki, ambayo yamefanana katika tasnifu nyingi nchini, yote huhesabiwa mpaka mtu ayaondoe. Asilimia 10 iliyotoka katika aya mbili za mtu mmoja ni mbaya kuliko 20 iliyotawanyika kwa manenomaneno ya kawaida.

Baada ya hapo ni saini. Ujumbe wa simu wa msimamizi haupokelewi dirishani; kinachohitajika ni ukurasa wa uthibitisho wenye saini yake na tarehe, katika kila nakala, na kama mna wasimamizi wawili basi saini ni mbili. Wa kwangu wa pili alikuwa safarini, nikamfuata aliporudi, akasema atasaini baada ya kusoma tena sura ya tano, jambo ambalo ni haki yake. Chapisha kurasa hizo mapema uzipeleke zenyewe. Usingoje mpaka nakala nzima ikamilike. Hakikisha pia kwamba usajili wako haujaisha muda na ada haidaiwi, kwa sababu mfumo ukionyesha deni hata dogo hakuna atakayepokea bahasha yako.

Kuhusu nafasi za pembeni, ukubwa wa herufi na namba za Kirumi katika kurasa za mwanzo, fuata mwongozo wa chuo chako na usinakili tasnifu ya mwenzako ya miaka iliyopita, maana miongozo hubadilika. Upande wa kushoto acha nafasi pana zaidi ili maneno yasimezwe na ujalidi. Yaliyomo yatengenezwe na programu yenyewe kwa kutumia mitindo ya vichwa. Ukiandika namba za kurasa kwa mkono zitakuumbua usiku wa mwisho.

Katika viambatisho weka dodoso, kibali na mfululizo wa barua: ya chuo, ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya wilaya, hadi ile ya Mtendaji wa Kata. Lakini usiweke majina na namba za simu za waliokujibu. Mimi nilikuwa nimeambatisha orodha ya mahudhurio ya mjadala wa kikundi, yenye saini za wazee wa watu, nikaiondoa dakika za mwisho. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, wale watu hawakuzungumza nami ili simu zao zikae maktaba.

Umeuliza pia kama uijalidi kazi kwa jalada gumu moja kwa moja ili kuokoa muda. Hapana. Nakala za kutahiniwa huwa za jalada laini au waya, kwa sababu watahini watarudisha masahihisho, na jalada gumu lenye herufi za dhahabu litakuwa fedha iliyotupwa. Ripoti zikirudi, tengeneza jedwali: hoja ya mtahini, ulichofanya, ukurasa. Usipokubaliana na hoja, andika kwa adabu sababu yako palepale badala ya kuiruka. Mtahini wa nje alitaka niongeze wilaya nyingine. Nikaeleza kwamba hilo ni utafiti mpya, nikalitaja katika mapendekezo, na halikurudi tena.

Jalada gumu ni baada ya mtahini wa ndani kusaini kwamba masahihisho yamekamilika, na kabla ya fundi kuweka dhahabu mgongoni mwulize ofisa wa uzamili ni mwaka gani uandikwe, hasa kama kazi yako imevuka Desemba. Mimi niliongeza nakala moja zaidi ya zilizotakiwa, nikaipeleka Kibosho kwa mwenyekiti wa chama kilichonipokea. Aliigeuza mara mbili tatu, akaniuliza bei ya kilo ya kahawa imeandikwa ukurasa wa ngapi.