Laifujaketi ya kuvaa na fulana ya kuzuia risasi

Ndugu yangu, umeuliza kama laifujaketi ya sponji ya zile boti za Naivasha itakushikilia ukiwa na fulana ya kuzuia risasi, buti na redio kiunoni. Hapana, usiiamini. Nguvu ya kuelea hupimwa kwa nyutoni, soma lebo ndani, nyutoni 10 zinabeba kama kilo moja tu, sasa wewe na vyuma vyote hivyo tafuta ya nyutoni 275, ndiyo imetengenezewa watu wa nguo na vifaa vizito, ile inajaa gesi yenyewe ukiingia majini. Halafu ivae JUU ya kila kitu tafadhali, ukiifunika na fulana ikijaa itakubana kifua ushindwe kupumua. Mkanda wa katikati ya miguu pia funga, bila huo jaketi inapanda hadi masikioni na wewe unabaki chini. Kila shifti itoe ile chupa ya gesi kwenye jaketi uone kama imetobolewa, mimi niliwahi kupewa kazini yenye chupa tupu nikakataa kupanda boti. Kabla hujatoka Nairobi fanya mazoezi kwa swimingi puli na mtu wa kukuokoa akiwa kando, ujue kuvua hiyo fulana kwa mkono mmoja.