Huku kwetu manyunyu tu, mto unafurikaje?

SWALI: Naishi Mathare, hatua chache kutoka mtoni. Kuna usiku huku kwetu kunanyesha manyunyu tu, lakini maji yanapanda hadi mlangoni. Yanatoka wapi? Na hawa wataalamu wa mafuriko hupima nini hasa? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Pole sana, dada yangu, kwa usiku huo wa kukesha na watoto. Mito ya Nairobi hushuka kutoka magharibi, upande wa Kikuyu na Limuru, ikielekea Mto Athi. Mvua ikipiga huko juu, ninyi wa chini ndio mnaoletewa. Na si maji kidogo: milimita 50 za mvua kwenye kilomita moja ya mraba ni lita milioni 50. Udongo wa shamba ungeyanywa mengi na kuyaachilia polepole. Mabati, lami na saruji hayanywi hata tone, kwa hiyo mto wa mjini hupanda ghafla na kushuka upesi. Udongo nao ukishashiba, kama ilivyokuwa Aprili 2024, hauna pa kuyaweka.

Wataalamu husoma kina kwenye ubao wenye namba uliosimikwa mtoni. Lakini kina peke yake hakitoshi. Hushusha kifaa chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji ili wapate kasi, kisha wakaizidisha kwa upana na kina cha mto. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Wakipima hivyo kiangazi na masika, wanachora mstari unaoonyesha kila kina kinapitisha maji kiasi gani.

Shida iko kwenye ncha ya juu ya mstari huo, maji yakiwa mengi. Siku ya gharika hakuna mtu wa kuingia mtoni, na pengine ubao wenyewe umeshasombwa. Mafuriko yanayoua watu ndiyo yenye vipimo vichache zaidi, na jambo hilo linaniuma. Maji yakishuka, wapimaji hupita nyumba kwa nyumba wakitafuta alama za tope kutani, wakakadiria kutoka hapo.

Kwa hiyo alama iliyo kwenye ukuta wako ni kipimo halisi. Kabla hujaisugua, ipige picha pamoja na mlango, chora mstari kwa msumari, uandike tarehe na saa maji yalipofika. Ila maji yakianza kupanda, usingoje kupima. Wachukue watoto mwende juu.