Memori kadi feki: ijaze kwanza, ndipo uiuze

Muuzaji akichomeka memori ya GB 64 kwenye simu mbele yako na kukwambia, "Bosi, si unaona mwenyewe, 64 hiyo," bado hajakuonyesha kitu. Simu haipimi kadi, inaiuliza tu. Anayejibu ni kontrola, kichipu kidogo kilichomo ndani ya kadi yenyewe, na waghushi wanaiandika upya ijibu wanavyotaka wao. Nafasi ya kweli inaweza kuwa GB 8. Kuifomati hakusaidii, maana uongo hauko kwenye mafaili.

Mimi nauza vifaa vya simu na kuwaingizia watu nyimbo na tamthilia, na ninachokijua kuhusu kadi hizi ni kwamba malalamiko hayaji siku ya kwanza. Nyimbo za mwanzo zinapiga vizuri. Shida inaanza nafasi ya kweli ikijaa, kwa sababu kadi feki haikatai mzigo. Nyingine inaandika juu ya vilivyotangulia, nyingine inapokea na kutupa. Mteja anakuja na picha za mahafali ya mwanawe. Ukifungua folda, majina yote yapo na ukubwa wa kila picha umeandikwa, lakini ukiigusa moja inafunguka nusu, kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu. Zinazofuata hazifunguki kabisa. Anakuomba umtafutie fundi wa kuzirudisha. Zilizopotea hivyo fundi hazipati, kwa kuwa ama zimeandikwa juu yake ama hazikuwahi kuhifadhiwa.

Kwa macho unaweza kuchuja chache. Kadi ya hadi GB 32 huwa na alama ya SDHC, na ya kuzidi hapo hadi TB 2 huwa na SDXC, kwa hiyo ukiona 64 yenye SDHC irudishe palepale. Ukikuta TB 2 inauzwa bei ya GB 16, usipoteze muda hata wa kuuliza. Zaidi ya hapo sitegemei maboksi. Mwaka 2010 mhandisi Mmarekani Andrew Huang, maarufu kwa jina la bunnie, alifuatilia kadi zenye kasoro hadi kwenye masoko ya Shenzhen, Uchina. Akamkuta muuza duka anazipachika kadi kwenye vifungashio vya rejareja na kubandika stika zinazong'aa mbele ya macho yake. Sasa hiyo stika unayoikwangua kwa ukucha Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi inakuthibitishia nini?

Kipimo ni kuijaza. Kwenye kompyuta ya Windows natumia H2testw, programu ya bure ya Mjerumani Harald Bögeholz. Inaandika mafaili ya GB moja moja hadi kadi ijae, kisha inayasoma yote na kukupa hesabu: kiasi kilichosalimika na kilichopotea. Wenye Linux au Mac wanayo F3, programu ya kazi hiyohiyo. Pima kadi ikiwa tupu, vinginevyo unapima sehemu iliyobaki tu. Na jiandae kusubiri: GB 64 kwa mwendo wa MB 10 kwa sekunde ni karibu saa moja na dakika 47 za kuandika peke yake. Mimi huzipanga jioni wakati wateja wamepungua.

Kama huna kompyuta, jaza video kwa simu mpaka iseme imejaa, zima simu, chomoa kadi, irudishe, ndipo ufungue. Hatua ya kuchomoa wengi wanairuka, na simu inaweza kuwachezea video ambayo bado imeishika kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Fungua za mwanzo, za katikati na za mwisho, maana hujui kadi yako ni ya kufuta au ya kutupa.

Tazama na kasi. Zipo kadi zenye ukubwa wa kweli ila jina la kampuni ni la kuazima, na hizo mtihani wa kujaza zinafaulu. Alama ya V30 ni ahadi ya kutoshuka chini ya MB 30 kwa sekunde. Kadi yenye alama hiyo ikijikongoja kwenye MB 5, jaribu kwanza kadi rida nyingine, kisha ihukumu.

Usiichanganye feki na hesabu za Windows, lakini. GB 64 halali inasoma kama 59 na kitu, na 32 inasoma 29 na kitu, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows kwa 1024. Wateja wataapa umewapunja giga tano. Waeleze kabla hawajalipa.

Kwa anayenunua jumla: kadi moja kuwa nzima haikwambii lolote kuhusu zenzake, zinachanganywa makusudi. Pima zote. Kabla ya kutoa hela, kubaliana na tajiri kwamba zitakazofeli anazipokea, na ayaandike hayo kwenye risiti. Akianza kucheka na kukuita mshamba, hama duka, na winga aliyekupeleka asikupeleke tena. Zilizofeli usizishushe bei ukaziuza kama "8". Kuuza bidhaa bandia ni kosa. Tanzania utakutana na Tume ya Ushindani kwa sheria ya alama za bidhaa ya 1963, Kenya na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008.

Jambo jingine ni alama yako. Kila kadi niliyoipima naichora kamstari kwa sindano mgongoni, mbali na zile shaba za kugusia, kwa sababu wapo watakaonunua nzima kwako na kukurudishia feki waliyoipata stendi, wakidai ni ileile.