Ratiba ya baraza la uvuvi Alaska hupangwa na nani

Ndugu, umeuliza kama ratiba ya baraza la uvuvi la Alaska hushushwa kutoka Washington. Hapana. Ni moja ya mabaraza 8 ya kusimamia uvuvi wa baharini yaliyoundwa kwa sheria ya Marekani ya 1976, na hukutana mara 5 kwa mwaka. Mwishoni mwa kila kikao wajumbe hukaa na jedwali la vikao 3 vijavyo: hoja ipi iingie, ipi isogezwe, uchambuzi upi uandikwe kwanza. Ukiwa na jambo lako vizia hapo, la sivyo litalala. Kikao cha Desemba ndicho hakichezewi: hupitisha viwango vya kuvua poloki na samaki wenzake kwa mwaka unaofuata, na haviruhusiwi kuvuka kikomo kilichowekwa na wanasayansi wa baraza. Washington huja baadaye, kuidhinisha.