Maswali ya wasomaji: Barua pepe zinapokwama kwenye kompyuta

Ndugu wataalamu, habari za kazi. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Tangu tuweke antivirusi mpya, Outlook (programu yetu ya barua pepe) inapokea barua vizuri, ila kutuma ni shida. Barua fupi zinaondoka. Nikiambatisha ankara na BL (hati za shehena ya meli) zilizoskaniwa, kama MB 8 hivi, inafika katikati inasimama, kisha inatoa namba 0x800CCC0F. Tena kuna wateja wanaopiga simu kusema wamepata barua ileile mara tatu. Kijana wetu wa IT anataka tuiondoe antivirusi kabisa. Tumsikilize? – Wakala, Kurasini

Msiiondoe. Ofisi inayofungua viambatisho vya watu mbalimbali kutwa nzima haifai kukaa bila kinga hata siku moja. Kinachowasumbua, kwa dalili hizi, ni kipengele kimoja tu ndani ya antivirusi: ukaguzi wa barua pepe.

Kipengele hicho hukaa katikati ya Outlook na seva. Barua ikitoka inashikwa kwanza humo humo kwenye kompyuta, inakaguliwa, ndipo inaachiwa iende. Barua ya mistari mitatu hupita mara moja. Kiambatisho ni habari nyingine, maana kabla ya kusafiri hugeuzwa kuwa herufi na kuongezeka uzito kwa zaidi ya theluthi moja, hivyo MB 8 zenu zinasafiri zikiwa karibu MB 11. Outlook kwa kawaida husubiri jibu la seva kwa dakika moja. Muda ukiisha, au antivirusi ikikata njia, inatoa hiyo 0x800CCC0F, yaani mawasiliano na seva yamekatika. Lakini huenda mzigo ulishafika salama na kilichopotea ni jibu tu. Outlook, kwa kuwa haikujibiwa, inaituma upya. Ndiyo hizo barua tatu za mteja.

Hakikisheni kwanza. Unganisheni kompyuta hiyo na intaneti ya simu, kisha jitumieni wenyewe barua yenye kiambatisho cha ukubwa uleule. Ikikwama vilevile, ruta ya ofisi haihusiki. Sasa fungueni mipangilio ya antivirusi, tafuteni ukaguzi wa barua pepe, mzime upande wa zinazotoka peke yake. Ulinzi wa mafaili wa muda wote uacheni ukiwa umewashwa. Fungeni Outlook kabisa, ifungueni tena, tumeni. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mkigusa vitatu kwa pamoja hamtajua kipi kilichoponya.

Kuzima hapo hakuwaachi uchi. Kiambatisho chenye virusi hunaswa na ulinzi wa mafaili pale kinapohifadhiwa au kufunguliwa. Kama mwenye ofisi hataki kipengele hicho kizimwe, ongezeni muda wa kusubiri kwenye mipangilio ya ziada ya akaunti ya Outlook, kutoka dakika 1 hadi 5.

Kabla ya yote hayo, ile barua iliyokwama iondoeni. Iwekeni Outlook ifanye kazi nje ya mtandao, hamisheni barua kutoka kwenye sanduku la zinazotoka kwenda kwenye rasimu, ndipo mrudi hewani. Mkiiacha, mteja ataipata mara ya nne.

Bado inagoma? Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni outlook.exe /safe, na msisahau nafasi kabla ya alama ya mkwaju (/). Outlook itafunguka bila programu ndogo zilizopachikwa ndani yake. Ikituma vizuri hapo, zimeni kipachiko cha antivirusi kwenye orodha ya vipachiko.

Wapendwa, nina duka la stesheneri na barua pepe yenye jina la duka. Nikitumia intaneti ya simu natuma bila tatizo. Nikitumia ruta ya dukani napokea tu, kutuma hakuna. Nimezima faiawoli (ukuta wa kinga) ya Windows, hakuna kilichobadilika. Nimeambiwa nifungue poti kwenye ruta. – Sinza

Iwashe faiawoli yako leo hii. Faiawoli ya Windows, isipokuwa mtu aliibadilisha, huachia mawasiliano yote yanayotoka, kwa hiyo kuizima ni nadra kuponya tatizo la kutuma. Na kufungua poti (mlango wenye namba ambao mawasiliano hupitia) kwenye ruta ni kwa ajili ya mawasiliano yanayoingia kutoka nje. Kutuma barua hakuhitaji, na unakuwa umewaachia wavamizi mlango.

Angalia akaunti yako inatumia poti namba ngapi kutuma. Tunashuku ni 25. Kampuni nyingi za intaneti duniani huifunga poti hiyo kwa wateja wa kawaida, kwa sababu kompyuta zilizoambukizwa huitumia kumwaga barua taka. Weka 587 na uchague STARTTLS, au 465 na SSL/TLS (zote ni njia za kufunga mawasiliano kwa siri), kisha washa sehemu inayosema seva ya kutuma inahitaji jina na nywila. Za kupokea ni 993 kwa IMAP (barua hubaki kwenye seva) na 995 kwa POP (barua hushushwa kwenye kompyuta).

Ukitaka kuona kwa macho, fungua PowerShell (dirisha la kuandika amri la Windows) ukiwa kwenye ruta ya dukani, andika Test-NetConnection, kisha jina la seva yako ya kutuma, kisha -Port 587. Mstari wa TcpTestSucceeded ukisema True, njia iko wazi. Rudia kwa 25 uone tofauti.

Shikamooni. Mimi ni katibu muhtasi wa shule. Umeme ukikatika usiku, asubuhi Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, inasema cheti cha seva si halali. Nikubali tu niendelee? – Ukonga

Marahaba. Usikubali kwanza. Cheti ni kitambulisho cha seva, nacho kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo tazama saa na tarehe ya kompyuta. Tarehe ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa. Fundi ataibadilisha kwa dakika chache, kompyuta ikiwa imechomolewa umeme.

Tarehe ikiwa sawa, bonyeza uone cheti kimetolewa na nani. Ukikuta jina la antivirusi yako, basi inafungua mawasiliano yaliyofungwa ili iyakague, kisha inayafunga upya kwa cheti chake. Thunderbird ina orodha yake ya vyeti inavyoviamini na hicho huenda hakimo. Zima ukaguzi wa SSL wa barua pepe kwenye antivirusi. Ukikuta jina usilolijua kabisa, usiandike nywila, mwite fundi.

Na kwa kuwa unatumia Thunderbird, jambo moja usilichelewe. Kwa kawaida barua zote za folda moja hukaa ndani ya faili moja. Antivirusi ikiona virusi kwenye barua moja inaweza kulitia faili zima karantini (kulitenga lisitumike), na barua zote za wazazi zikatoweka kwa mpigo. Ingia kwenye mipangilio ya faragha na usalama ya Thunderbird, sehemu ya antivirusi, uweke tiki panaporuhusu barua moja moja kutengwa. Kisha nakili folda ya Thunderbird iliyomo ndani ya AppData\Roaming kwenye diski ya nje, Thunderbird ikiwa imefungwa.